Mabano na Nyaya za Baba Yake

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, lakini kazini walikwisha kulisahau. Walimwita Mabano. Wageni walidhani ni jina la ukoo. Wapi! Ni ugomvi. Ugomvi mmoja alioushika miaka na miaka, hataki kuuachia, mpaka ukamganda. Na mtu aking'ang'ania jambo namna hiyo, watu watamwitaje tena?

Mabano alikuwa fundi wa mtandao katika hospitali kubwa. Si daktari, si nesi, na sindano akiiona kwa mbali anageuza njia. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kompyuta zinaelewana. Mgonjwa akipigwa picha ya mfupa kule jengo la eksirei, picha ifike kwa daktari jengo la pili kabla mgonjwa hajamaliza kufunga vifungo vya shati. Isipofika, anaitwa yeye. Chumba chake cha kazi hakikuwa na dirisha, na kilikuwa na ubaridi wa mashine kiasi kwamba alivaa sweta mwaka mzima. Akitoka nje watu wanajipepea na magazeti, yeye yumo ndani ya sweta la sufu, wanamtazama kama mgonjwa aliyetoroka wodini.

Mume hakuwa naye. Akiulizwa alisema bado anamtafuta anayejua kunyamaza. Aliishi chumba cha uani nyumbani kwa wazazi wake, akila kwa mama yake na kugombana na mama yake, mambo mawili ambayo nyumba ile haikuwahi kuyatenganisha.

Sasa huo ugomvi wenyewe. Kompyuta haitumi picha nzima kwa mkupuo mmoja. Inaikatakata vipande, kila kipande wanakiita pakiti, kina namba yake, kimeandikwa kinatoka wapi na kinakwenda wapi, kama mizigo ya mtu anayehama nyumba. Ipo programu inayokaa pembeni ya njia ikisoma kila pakiti inayopita, mstari kwa mstari. Hapo hapana ubishi. Ubishi ni kwamba programu hiyo haitosheki kusoma, inaongeza na la kwake. Ikiona namba imejirudia, inaandika: hii imetumwa tena. Ikiona pengo, inaandika: hapa kuna iliyopotea. Hakuna pakiti iliyosema maneno hayo, wala waya haukuyabeba. Programu imejumlisha yenyewe, ikatoa yenyewe, ikapata jibu lake, ikalibandika palepale katikati ya maneno ya kweli. Lakini kwa kuwa ina haya kidogo, inayatia hayo ya kwake ndani ya mabano ya mraba.

Mabano hakutaka hata kuyaona. Kwenye kompyuta yake aliyafuta yote yasionekane. Alisema ni umbea. Umtume mtoto kwa jirani akaulize kama maji yametoka, arudi akuambie hayajatoka na tena jirani anaonekana amenuna. Uliuliza maji, kununa kumetoka wapi?

Mwenzake wa meza ya pili hakukubaliana naye hata siku moja. Huyo walimwita Kengele, maana jambo halikulala tumboni mwake. Alikuwa mtu wa rika lake, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kumwamsha mgonjwa wa nusukaputi.

"Dada yangu, hivi unaogopa nini?" Kengele alimwambia. "Mashine inakusaidia kufikiri, wewe unaiziba mdomo."

"Haijafikiri. Imekisia."

"Na daktari je? Mtu akikohoa, daktari si anakisia?"

"Daktari anakisia halafu anapima. Wewe unasoma mabano halafu unakwenda kula."

"Nakula, ndiyo. Tumbo langu halina mabano."

Basi ndiyo ilikuwa asubuhi yao, na mchana wao. Wasipobishana, watu wa chumba cha jirani walichungulia kuona kama kuna aliyefariki.

Ili kisa hiki kieleweke lazima nimweleze baba yake Mabano, maana ndiye aliyemfundisha kazi. Watu walimwita Mzee Waya. Alianza na umeme wa majumba, na zilipokuja nyaya za kompyuta yeye alikuwa na mvi tayari. Hakwenda kusoma popote. Alinunua waya, akaupasua juu ya meza ya kulia chakula, mkewe akapiga kelele, akaendelea. Mabano alikuwa msichana mwembamba wakati huo, kwa hiyo baba yake alimpandisha darini mahali ambapo mwanamume hapiti, amvutie nyaya. Ndani ya waya mmoja mna nyuzi nane nyembamba za rangi rangi, na kila uzi una nafasi yake kwenye kichwa cha plastiki kinachochomekwa kwenye kompyuta. Mzee Waya alimfundisha mpangilio ule kama wengine wanavyofundisha watoto kuhesabu. Nyeupe ya chungwa, chungwa. Nyeupe ya kijani, buluu. Nyeupe ya buluu, kijani. Nyeupe ya kahawia, kahawia. Msichana aliusema akifua, aliusema akichana nywele.

Jengo la eksirei lilipojengwa, nyaya zake zote alizilaza Mzee Waya. Ukifungua dari la jengo lile utaona kazi ya mtu. Zimelala kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka, hakuna uliopinda, hakuna uliopanda juu ya mwenzake. Wakandarasi wengine walikuja na mafundi wao kutazama tu. Na mzee hakuwa mnyenyekevu katika hilo, tusidanganyane. Alikuwa anakwenda harusini, akiulizwa yeye ni nani wa bwana harusi, anajibu, "Mimi ndiye niliyelaza nyaya za eksirei." Yule mkewe anajificha uso kwa kanga.

Alipozeeka hospitali iliendelea kumwita kwa kazi ndogondogo. Walipoongeza chumba kimoja kipya cha picha mwisho wa ukumbi, yeye ndiye aliyefunga nyaya zake.

Miezi michache baadaye picha zikaanza kuchelewa. Si zote, wala si kila siku, lakini daktari hahesabu zilizofika, anahesabu ile aliyoisubiri. Malalamiko yakafika kwa Bosi. Huyu alikuwa mkuu wa kitengo chao, mtu mkavu, si mbaya, ila alizungumza kama anayelipia kila neno.

"Chunguzeni," alisema. "Mabano, wewe utaweka vifaa. Kusoma atasoma Kengele. Nyaya ni za baba yako."

Halikuwa neno la kuudhi, lilikuwa la haki, na ndiyo maana liliuma. Mabano akaenda kwenye swichi, ile mashine inayokutanisha nyaya zote, akaitayarisha itoe nakala ya kila kinachopita na kuipeleka kwenye tundu moja la pembeni ambako programu ingesoma. Akaiacha kazi mikononi mwa Kengele.

Kengele alisoma na mabano yake yakiwa wazi kama kawaida yake. Programu ile hupaka rangi pale inaposhuku jambo, na skrini ilijaa nyekundu kama duka la nyama. Kila mstari wa pili: imetumwa tena. Imetumwa tena. Imetumwa tena. Maana yake, kama ni kweli, nyaya zinaangusha nusu ya mizigo njiani na kompyuta zinalazimika kuituma upya. Kengele hakungoja hata kiti kipoe. Alikwenda kwa Bosi na kompyuta imefunguka mikononi.

Bosi alitazama. Akamwita Mabano.

"Nyaya za jengo zima zimeoza," alisema. "Mpya zinafika Ijumaa. Tunang'oa zote." Akamrudishia Kengele kompyuta yake. "Na mzee asipewe kazi tena. Hapa wala kwingine. Nitawaambia wakandarasi."

"Nyaya zile hazijaoza, mkuu."

"Wewe ni binti yake."

"Mimi ni fundi wako."

"Basi nionyeshe kabla ya Ijumaa. Na Kengele awepo."

Jioni ile Mabano alikaa mezani na wazazi wake asiweze kusema. Baba yake alikuwa anasimulia tena jinsi alivyopitisha waya juu ya chumba cha mashine kubwa bila kukata boriti. Kisa hicho alikisikia tangu ana meno ya utotoni. Siku nyingine angemkatiza. Siku ile alikisikiliza chote, akaomba hata arudie pale penye boriti. Baba yake akamtazama kwa shaka.

"Unaumwa?"

"Siumwi, Baba."

"Anaumwa," mama yake alisema. "Mtu mzima haombi hadithi ya boriti mara mbili."

Kesho yake Mabano alikaa na ile mistari aliyoisoma Kengele. Akayaficha mabano yote, zile nyekundu zikatoka, akabaki na maneno ya waya peke yake. Akasoma taratibu, kidole kwenye skrini. Pakiti hii. Pakiti hii tena. Akatazama saa zilizoandikwa, na namba nyingine ndogo, si ile ya kipande, ambayo kompyuta huigonga kama muhuri kila inapotuma. Pakiti ikipotea kweli, kompyuta husubiri kwanza, ikaona kimya, ndipo inatuma nyingine na kuigonga namba mpya. Hizi hazikusubiriana. Zilifuatana kama mapacha waliozaliwa kwa kilio kimoja, namba ileile, hata pumzi haikupita katikati. Hakuna mtu aliyetuma mara mbili. Ni kitu kimoja kilichotazamwa mara mbili.

Akainuka kama aliyechomwa, akaenda kwenye swichi. Akakuta alichokiogopa. Alipokuwa anaiweka itoe nakala, akili yake ikiwa kwenye lile neno la "nyaya ni za baba yako", aliiambia ichukue nakala kila pakiti inapoingia, na ichukue tena inapotoka. Nakala mbili za kila kitu. Programu ya watu ingejuaje? Iliona mbili, ikasema imetumwa tena.

Aliegemea ukuta. Akacheka, kisha macho yakajaa maji, kisha akamwita Kengele, maana ndilo sharti la Bosi.

Kengele alitazama, akashika kichwa. "Kumbe! Kumbe mimi nimekwenda kumchongea mzee wa watu kwa vivuli!"

"Ulisoma mabano, hukusoma waya," Mabano alisema. Angeishia hapo angeshinda. Lakini hakuweza. "Nilikuambia! Nilikuambia tangu..."

"Ngoja, dada. Ngoja kwanza." Safari hii sauti ya Kengele ilikuwa ndogo, na sauti ndogo ya Kengele inatisha. "Nani aliweka hizi nakala mbili?"

"Mimi."

"Siku ulipoweka, ulijaribu kwenye kompyuta yako?"

"Nilijaribu. Nikaona mistari inapita, nikafunga."

"Kama ungeyaacha mabano wazi, skrini nzima ingekuwa nyekundu mbele ya macho yako. Ungeshtuka papo hapo. Ungesema, hii si kawaida, nimekosea mahali. Ni wewe uliyejifunga kitambaa machoni, halafu unanilaumu mimi nimeona vibaya."

Neno lile lilimwingia Mabano, na aliyeingiwa na neno la haki anajulikana, hukaa chini polepole.

"Haya," alisema mwisho. "Rekebisha, usome upya. Na uyaache wazi."

"Yawe wazi?"

"Usinifanye nirudie."

Wakaiweka swichi sawa, nakala moja tu. Kengele akasoma upya. Nyekundu ikatoweka. Mistari ikateremka safi, picha baada ya picha, chumba baada ya chumba, kazi ya Mzee Waya imetulia kama maji ya mtungi. Kengele akaanza kuimba. Mabano akaanza kutabasamu. Halafu ikatokea nyekundu moja. Ikapita. Ikaja nyingine. Chache sana, unaweza kunywa chai kati ya moja na nyingine. Na hizi zilisubiriana, kila moja ilikuwa na namba yake mpya. Hizi zilikuwa zimetumwa tena kwelikweli, na zote zilitoka chumba kimoja. Kile kipya, cha mwisho wa ukumbi.

Wote wawili walijua nani alifunga nyaya za chumba kile.

"Dada," Kengele alisema kwa upole, "si wewe mwenyewe unasema haya ni makisio tu? Yafiche. Bosi akija tumwonyeshe mistari mitupu. Mistari haisemi kitu. Mzee abaki na jina lake."

Jamani, shetani naye ana sauti ya rafiki wakati mwingine. Mabano aliutazama mshale wa kompyuta. Kubofya mara moja tu, mabano yote yangezimika, na angekuwa amefuata sheria yake mwenyewe aliyoisimamia mbele ya watu wote. Nani angemlaumu?

"Nipe ngazi," alisema.

Alikwenda chumba kile mwenyewe. Akapanda, akasogeza kibao cha dari, akaufuata waya mpaka kwenye kichwa chake cha plastiki, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa tochi. Nyuzi saba zilifika mwisho. Wa nane, wa kahawia, uliishia njiani, ukagusa chuma leo na kesho usiguse. Ganda la waya nalo lilikatwa mbali mno, kwa kuchanachana. Mabano alizijua kazi za watu wasiojua, amezikata nyingi. Hii haikuwa ya mtu asiyejua. Rangi zilikuwa katika mpangilio wake hasa. Hii ilikuwa ya mtu anayejua, ambaye mkono umekataa kumtii.

Akakikata kichwa kile, akakitia mfuko wa sweta.

Nyumbani alimkuta mama yake jikoni akimimina chai. Kikombe chake mwenyewe alikijaza. Kikombe cha baba alikiachia nusu, kama alivyofanya jana, kama alivyofanya, sasa Mabano anakumbuka, muda mrefu tu.

"Mama, kwa nini Baba unampa nusu?"

"Anataka nusu."

"Zamani alikuwa anataka mpaka ukingoni. Alikuwa anakugombeza."

Mama yake aliendelea kupanga vikombe kwenye sinia, akavipanga tena vilevile vilivyokuwa. "Kikijaa kinamwagika," alisema. "Kikimwagika anajitazama mkono. Akijitazama mkono anakuwa hasemi mpaka kesho. Nusu haimwagiki. Anamaliza, anaomba nyingine, namwongeza nusu. Si anapata kikombe kizima?"

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Yeye hajaniambia mimi, nikuambie wewe nini? Nimeona tu."

"Umeona, au umekisia?"

"Mwanangu, nimelala na mkono ule kabla wewe hujazaliwa. Usiniletee maneno ya kazini." Akamkabidhi sinia. "Mpelekee. Na kama una la kumwambia mwambie akiwa amekwisha kunywa, si kabla."

Mzee alikuwa uani juu ya kigoda, redio inatangaza mpira. Mkono wa kulia ameubana katikati ya magoti kama mtu mwenye baridi, na baridi haikuwepo. Mabano alingoja anywe. Akamwongeza nusu, akangoja tena.

"Baba, nina kitu cha kukuonyesha."

"Kama ni mchumba, mlete. Kama ni paka mwingine, mrudishe ulikomtoa."

Akamwekea kile kichwa cha plastiki kwenye kiganja cha kushoto. Mzee Waya akakiinua kwenye mwanga. Akakigeuza mara moja tu. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele za goli, mzee akapapasa redio, akaizima.

"Chumba cha mwisho," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Wa kahawia haukufika."

"Haukufika."

Mzee akautoa mkono wa kulia kati ya magoti, akauweka juu ya paja, waziwazi, ukatetemeka hapo mbele ya binti yake kama ndege aliyeshikwa.

"Siku ile nilikata nikafunga, nikaona sivyo, nikakata tena. Nyuzi zinanikimbia. Mwisho nikasema basi, inatosha." Akakitazama tena kile kichwa. "Maisha yangu yote sijawahi kusema inatosha. Wanajua?"

"Kengele anajua kuna kasoro pale. La mkono hajui mtu."

"Bosi wako?"

"Bado. Nimeanza kwako."

"Kwa nini uanze kwangu?"

Mabano alichuchumaa mbele yake. "Programu ilikisia, Baba. Na Mama naye amejionea ya kwake. Mimi sikutaka watu wakae pembeni wakukisie. Nilitaka useme mwenyewe." Kisha akamweleza yote, nakala mbili, kosa lake yeye, Ijumaa, nyaya mpya zinazokuja. "Zile nyingine zote ni nzima. Zote, Baba. Lakini nikimwambia Bosi hakuna hata mmoja mbovu, atasema binti anamfichia babake, na atazing'oa. Nikimwonyesha huu, ataniamini kwa zilizobaki."

"Kwa hiyo huu mmoja ndio utakaozikomboa zile."

"Ndiyo."

"Na mimi je?"

Mabano alimshika ule mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Haukutulia. Hakujaribu kuutuliza, aliushika tu unavyotetemeka. Mama yake alichungulia mlangoni, akawaona, akarudi ndani akaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Asubuhi Mzee Waya alivaa shati la harusini. Akaenda na binti yake hospitali, chumba cha mwisho wa ukumbi. Mabano akapanda ngazi na kichwa kipya, baba yake akashika ngazi chini.

"Kata ganda fupi," alisema mzee. "Fupi zaidi. Wewe tangu utoto una papara."

"Nimekata fupi."

"Sijasikia. Anza."

"Nyeupe ya chungwa, chungwa."

"Usiseme kwa haraka, hufukuzwi."

"Nyeupe ya kijani, buluu. Baba, nina kazi hii miaka mingapi?"

"Ndiyo maana umekuwa mvivu. Endelea."

Ndipo Bosi akaingia, Kengele nyuma yake. Bosi alimtazama mzee, akatazama juu ya ngazi.

"Mzee, nawe upo?"

"Nipo, mkuu. Nimekuja kwa ajili ya kosa langu." Mzee Waya akaiachia ngazi, akausimamisha mkono wake wa kulia mbele ya Bosi, akauacha ufanye ulivyotaka. "Waya huu niliufunga na mkono huu, na mkono huu umekwisha. Nyingine zote nilizifunga nao ulipokuwa mzima. Ukizing'oa, uzing'oe kwa sababu hunipendi, si kwa sababu ni mbovu."

Kengele akajitia katikati, sauti imemrudi. "Zilikuwa nakala mbili, mkuu! Kila pakiti ilisomwa mara mbili. Mimi nilisoma rangi sikusoma waya."

"Na nakala niliziweka vibaya mimi," Mabano alisema kutoka darini.

Bosi aliwatazama mmoja mmoja, yule wa juu na wale wa chini. "Kwa hiyo nina mafundi watatu wenye makosa na waya mmoja," alisema. Akaenda na Kengele kutazama skrini. Mabano akamaliza kubana kichwa kwa koleo, akakichomeka. Walipomfuata Bosi walimkuta amesimama mbele ya mistari inateremka, safi, hata ya chumba cha mwisho. Alisimama hapo muda mrefu kwa mtu wa kariba yake.

"Nyaya zibaki," alisema. Kisha, bila kugeuka: "Mzee, vichwa usifunge tena."

"Sifungi tena."

"Lakini sitawaambia wakandarasi kitu. Hapana cha kuwaambia." Akatoka.

Hivyo ndivyo jina la Mzee Waya lilivyobaki. Halikubaki bure, maana alilitolea mkono wake mbele ya watu.

Na ule ugomvi mkubwa nao ulipata makao, si kifo. Mabano na Kengele walibishana mpaka jua likaanza kushuka, wakapatana hivi: mabano yataonekana kwenye skrini zote, hayafichwi tena, lakini hayatakaa katikati ya maneno ya waya kama ndugu wa tumbo moja. Yatakaa upande wake, rangi yake hafifu, na juu yake paandikwe: Programu inakisia. Na hakuna atakayepeleka kisio kwa Bosi kabla hajakwenda kuugusa waya wenyewe. Kengele alipendekeza na jina la Mabano libadilishwe sasa, maana amesalimu amri. Alirushiwa kifutio.

Mzee alikuwa bado hajaondoka. Alikaa kwenye kiti cha binti yake, sweta la binti yake mabegani, maana chumba kile kilimpiga baridi. Miaka yote alilaza nyaya, hakuwahi hata mara moja kuona kinachopita ndani yake. Alitazama mistari ikishuka, kinywa wazi kidogo.

"Hii ni ya chumba kipi?"

"Cha tatu. Picha ya kifua."

"Na hii?"

"Cha kwanza."

"Pale juu ya boriti," alisema.

"Palepale juu ya boriti, Baba."

Upande wa pembeni likatokea neno moja hafifu. Mzee akashtuka, akalielekezea kidole kinachotetemeka. "Nini hicho? Nani kaharibu?"

"Hakuna. Programu inakisia jibu limechelewa kidogo. Tazama waya wenyewe, jibu lile pale, limefika."

"Ina wasiwasi bure," mzee alisema, "kama mama yako." Akasogeza kiti mbele. "Kaa. Nisomee hiyo nyingine."

Mabano akavuta kiti cha Kengele, akakaa karibu naye, akamsomea.